Mshukiwa wa Nne Yuko Juu ya Paa

Saa mbili usiku, intaneti ya Kibera huanza kukokota miguu. Wa Lindi analaumu bando, wa Makina analaumu faiba, na fundi akipigiwa simu analaumu mvua. Mara nyingi mmoja wao husema kweli. Ila yupo mshukiwa wa nne asiyetajwa: prosesa ya kisanduku kilichofungwa mlingotini, ambayo huishiwa nguvu hata kabla waya haujajaa.

Kibera na Kawangware hazikungoja faiba ifike kila mlango. Tunapanda Institute ina mtandao wa jamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana vya Kibera kwa redio. Poa Internet nayo ilianzia Kibera kabla ya kuingia Kawangware na mitaa mingine. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikatoa utaratibu wa kuipa mitandao ya jamii leseni yake. Yote hiyo ni kazi ya antena na visanduku vidogo juu ya mabati, na hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu.

Chukua NanoStation M5 ya Ubiquiti, kifaa cheupe ambacho mafundi wa redio wamekitumia kwa miaka mingi. Prosesa yake ni ya megahazi 400, kumbukumbu yake megabaiti 32, mlango wake wa waya ni wa megabiti 100 kwa sekunde. Mlango huo ukijaa pakiti kubwa za baiti 1,500, zinapita kama 8,127 kila sekunde, na prosesa inapata mapigo yapatayo 49,000 kuishughulikia kila moja. Hiyo ni nafasi ya kutosha. Ukijaa pakiti ndogo kabisa, za baiti 64, zinapita karibu 148,800, na mapigo yanabaki kama 2,700 tu kwa kila pakiti. Na pakiti ndogo si za nadharia. Kila anayetazama video anarudisha vijipakiti vya kukiri kupokea, na kila simu ya sauti ya intaneti inamwaga vidogo vingi kwa sekunde.

Prosesa haibebi pakiti hizo yenyewe. Ingezibeba neno moja moja la baiti nne, pakiti ya baiti 1,500 ingeidai isome mara 375 na kuandika mara 375. Kwa hiyo kadi ya mtandao imepewa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, utaratibu unaoitwa DMA. Prosesa inaandaa orodha ya anwani za nafasi zilizo wazi, iliyopangwa kwa duara. Kadi inazijaza, inaweka alama, inasonga mbele.

Kuhamisha, basi, ni rahisi. Kinachokula mapigo ni makubaliano: kutafuta nafasi, kuandika anwani, kupokea taarifa kwamba kazi imekwisha, kusafisha, kurudisha nafasi kwenye duara. Gharama hiyo haijali ukubwa wa mzigo. Mwenye duka wa Kawangware 46 akituma nduthi kuleta mkate mmoja analipa nauli ileile ya kreti nzima.

Taarifa ya kumaliza kazi ndiyo iliyosumbua watu kwanza. Kadi hutuma intarapti: prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inahifadhi hali yake, inaruka kumhudumia mgeni, kisha inarudi. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walionyesha jinsi mashine inavyoweza kuzama humo. Pakiti zikizidi, mashine inashinda ikiitikia wito, na kazi inayokamilika inaporomoka kuelekea sifuri. Dawa iliyoingia Linux, iitwayo NAPI, ilielezwa mwaka 2001 na Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov. Pakiti ya kwanza inapiga hodi, kisha intarapti inazimwa na prosesa inapita yenyewe kwenye duara ikichukua kwa mkupuo, kwa kawaida hadi pakiti 64, na intarapti haiwashwi tena mpaka duara liishe.

Fundi anaweza kuliona pambano hili kwa macho. Akifungua programu ya top kwenye kisanduku chenye programu ya ruta ya OpenWrt, mstari wa CPU una sehemu iitwayo sirq, muda ambao prosesa inautumia kwa kazi hiyo. Ikikaribia asilimia 100 huku idle, muda wa kukaa bure, ikisoma 0, hata bando likiongezwa maradufu halitasaidia kitu.

Gharama ya pili haionekani hata hapo. Prosesa huweka nakala ya data karibu nayo, kwenye kashe, na prosesa za MIPS za aina hii haziambiwi kadi inapoandika kumbukumbu nyuma ya mgongo wao. Dereva, programu inayoiendesha kadi, lazima ifute nakala zilizochakaa, vipande vya baiti 32 kimoja kimoja. Nafasi ya baiti 2,048 ina vipande 64. Kwa pakiti ya baiti 64, vinavyohitajika ni viwili tu! Dereva ya uvivu hufuta vyote 64. Na hata kwa pakiti kubwa, ruta husoma vichwa peke yake, takriban baiti 54 za mwanzo. Mwili wa video unaweza kupita bila prosesa kuugusa, na pasipoguswa hapana la kusafisha.

Kuna mahali hekima hii ya kutoigusa data inageuka. Kwa pakiti ndogo sana, kuinakili ni nafuu kuliko kutafuta na kuandaa nafasi mpya, kwa hiyo dereva nyingi hunakili zile zilizo chini ya baiti 256 hivi na kuirudisha nafasi ileile kazini. Anayehubiri kwamba kunakili ni dhambi hajapima.

Kwa seva ya masomo inayokaa mtaani, kama ya shule, neema iko kwenye sendfile: faili inatoka diski hadi kumbukumbuni kwa DMA, na kutoka kumbukumbuni hadi kadi kwa DMA, bila kuzungushwa kupitia programu ya seva. Ukiweka usimbaji wa HTTPS, neema hiyo inapotea, isipokuwa kazi ya usimbaji ihamie ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, jambo ambalo Linux imeliruhusu tangu toleo la 4.13 la mwaka 2017.

Halafu kuna kishawishi cha kulirefusha duara, ili prosesa ipumue zaidi kati ya mikupuo. Upande wa kupokea, haidhuru sana. Upande wa kutuma, piga hesabu: pakiti 256 za baiti 1,500 zikingoja kwenye kiungo cha megabiti 10 zinachukua sekunde 0.3 kumalizika. Anayepakua filamu hatajua. Anayempigia mama yake Kisumu kwa WhatsApp atajikuta wanakatizana maneno. Toleo la 3.3 la Linux, mwaka 2012, lilileta kikomo kinachohesabu baiti zilizoko kwenye duara badala ya pakiti, na kujipunguza chenyewe foleni ikizidi. Kikomo hicho hufanya kazi pale tu dereva ya kadi imeandikwa kukitumia, na kwenye visanduku vinavyoendesha programu ya kabla ya hapo hakipo kabisa.