Gari la Mzigo Likipiga Kelele Ukiliwasha: Sikiliza Kwanza, Hela Baadaye

Leo tuweke pembeni mambo ya picha na bei, tuongelee gari la kupelekea mizigo.

Mimi nipo Songea, nauza dagaa wa Ziwa Nyasa kwa WhatsApp. Mzigo unatoka Mbamba Bay, naufungasha hapa mjini, asubuhi nazungusha Bombambili, Lizaboni na Msamala. Wa wateja wa mikoani naupeleka stendi. Basi halimsubiri mtu ambaye gari lake limegoma, na mteja ameshalipa.

Baridi ya huku ya Juni na Julai ndo inaumbua magari. Betri iliyochoka inapungua nguvu na oili inakuwa nzito. Ukipiga stata, makelele! Wengi tukifika gereji tunasema tu, "Fundi, gari linapiga kelele." Hapo umemruhusu abahatishe, na kubahatisha kunalipwa na mtaji wako. Mwaka jana fundi mmoja alitaka ninunue stata nzima. Nikamwomba aangalie betri kwanza. Kichwa cha betri kilikuwa kimelegea na kuota unga mweupe. Tukasafisha, tukakaza, gari likawaka.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kelele inatokea wakati gani? Kabla injini haijawaka, au ikishawaka? Kabla ya kuwaka, mshukiwa ni betri, nyaya au stata. Baada ya kuwaka, ni oili, mkanda au ekzosi.

KELELE KABLA HALIJAWAKA

1. Tik-tik-tik ya haraka, taa za dashibodi zinafifia. Umeme haufiki wa kutosha. Pima betri gari likiwa limelala usiku: volti 12.6 imejaa, 12.2 ipo kama nusu, chini ya 12 imekwisha. Ukipiga stata isishuke sana chini ya 10. Vichwa vikiwa na unga, zima gari, fungua hasi kwanza halafu chanya, safisha kwa brashi na maji ya moto yenye magadi kidogo, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Usivute sigara karibu na betri, na vua pete.

2. "Tak!" moja nzito, halafu kimya, na taa zinawaka vizuri. Hapo stata yenyewe ina shaka: kaboni zimeisha au sehemu ya ndani ya kuunganisha umeme imeungua. Mara nyingi vinabadilishwa hivyo tu bila kununua stata nzima. Mpelekee fundi umeme wa magari.

3. "Wiiii", stata inazunguka lakini injini haizunguki. Angalia bendiksi, kile kigia kidogo cha stata kinachotoka kwenda kushika meno ya injini. Kikichoka kinateleza.

4. "Grrrr" ya chuma kukwaruzana. Hii usiivumilie. Labda bolti za stata zimelegea, au meno yameanza kulika. Kila ukipiga tena unakula meno ya flaiwili, na kubadilisha flaiwili lazima gia boksi ishushwe. Kazi ndogo inageuka kubwa kwa siku chache. Na kama gari linatumia watu wawili, kumbushaneni: injini ikiwa imewaka usizungushe ufunguo tena, mkwaruzo ni huo huo.

KELELE LIKISHAWAKA

1. "Nyiiii" ya sekunde chache. Mkanda wa alteneta umelegea au umezeeka. Kama betri nayo inakufa kila mara, anza na mkanda. Gari likiwaka, chaji iwe kama volti 13.8 hadi 14.5.

2. "Chakachaka" ya sekunde moja au mbili asubuhi. Pima oili kabla ya yote, gari likiwa mahali tambarare. Magari mengi tunayotumia, kama IST na Probox za injini ya 1NZ, yana cheni ndani ya injini, na cheni hiyo inakazwa kwa presha ya oili. Oili ikipungua au ikichakaa, cheni inapiga kelele. Taa nyekundu ya oili isipozima, zima gari hapo hapo. Usijaribu kufika stendi.

3. Mngurumo kama trekta. Ekzosi imetoboka au gasketi imeungua. Usikawie, moshi wake ukiingia ndani ya gari una sumu.

TUMIA SIMU YAKO

Mteja akilalamika bidhaa ni mbovu, unamwambia atume video. Fanya hivyo na gari. Asubuhi, gari likiwa bado la baridi, mtu mmoja awashe, mwingine arekodi boneti ikiwa wazi. Gia iwe neutro au P, handbreki juu, mikono na nguo mbali na mkanda. Ukifika gereji injini ishapata moto na kelele imepotea, video itakusemea.

Halafu sema hivi: "Fundi, asubuhi nikizungusha ufunguo inalia tik-tik, taa zinafifia, mchana hailii. Naomba tupime betri kwanza." Fundi mzuri atafurahi, umemrahisishia kazi. Kifaa kikibadilishwa, omba cha zamani ukione.

Mwisho, weka namba ya bodaboda unayemwamini. Gari likigoma, mjulishe mteja kabla hajauliza. Anayeambiwa mapema anasubiri. Anayekaa kimya anakuharibia jina kwenye grupu.

Gari lako linalia vipi asubuhi? Andika mlio wake hapo chini, tusaidiane. Na mshirikishe mwenzako mwenye gari la mzigo.