Nauli ya Mwanafunzi Hulipwa na Nani?

Basi la abiria hula mengi: dizeli, tairi, vipuri, mshahara wa dereva na wa kondakta, na akiba ya kununulia basi jingine hili litakapochakaa. Je, nauli yatosha kuyalipia yote hayo? Isipotosha, nani atajazia?

Majirani zetu wa Tanzania wamekwisha kukabiliana na swali hili. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Nauli ilipangwa na Serikali, nayo ikawekwa chini ili mfanyakazi aimudu. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini pengo baina ya nauli na gharama halikuzibwa vya kutosha. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, mabasi mabovu yakaegeshwa, na umati vituoni ukazidi. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli yake ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, ndipo likazaliwa jina la daladala.

Daladala haipewi ruzuku. Jioni dereva humpelekea mwenye gari hesabu, yaani kiasi walichokubaliana. Kinachosalia baada ya mafuta ndicho chake na cha kondakta. Hapo ndipo anapoumia mwanafunzi. Amri inasema alipe nauli isiyofika nusu ya ile ya mtu mzima, nasi tunaiunga mkono. Ila haikusema kile kilichopunguzwa kitoke mfuko gani! Basi kikawa kinatoka mfuko wa kondakta, naye huulinda kwa mkono wake mlangoni. Gari laondoka, mtoto abaki na mkoba wake, na kengele ya shule haimngoji.

Jeshini lori halitoki kambini kabla haijaandikwa mafuta ni ya fungu gani. Luxembourg, ilipofuta nauli ya daraja la kawaida mwaka 2020, ilipiga hesabu ya namna hiyo: nauli ilikuwa ikileta takriban euro milioni 41 tu katika gharama ya milioni 500 hivi, na kodi ikaubeba mzigo wote. Ni nchi ndogo na tajiri, wala hatusemi Dar es Salaam au Kampala iige. Lakini kufidia nauli ya wanafunzi peke yao si sawa na kufuta nauli ya jiji zima. Kondakta akijua kwamba kiti cha mwanafunzi kimekwisha kulipiwa, hatakuwa na sababu ya kumsukuma.