Muhula wa Ulaya Huanzia Buguruni

Kutoka Buguruni hadi uwanja wa ndege si mbali. Unashika Barabara ya Mandela mpaka Tazara, unakunja Nyerere, umefika. Safari ndefu ni ile ya kabla ya hapo: miezi minane au tisa ya kuhangaikia karatasi, tarehe na fedha. Kwa uzoefu wangu wa kuwaelekeza wanafunzi wanaokwenda Ulaya kwa muhula mmoja, wanaokwama hukwama humo, na wengi wao tayari walikuwa na barua ya ufadhili mkononi. Inaniuma kila inapotokea, kwa sababu karibu mambo yote yanayowakwamisha yanaweza kumalizwa hapa hapa Dar es Salaam, tena mapema.

Tuanze na safari yenyewe. Mpango wa Erasmus ulianzishwa mwaka 1987 ili wanafunzi wa nchi za Ulaya wabadilishane vyuo kwa miezi michache. Tangu 2015, kupitia Erasmus+, mlango uko wazi pia kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika. Mtanzania anabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake, iwe Dar es Salaam, Sokoine, Muhimbili au SUZA. Anakwenda, anasoma, anarudi kumalizia shahada yake nyumbani. Chuo kinachompokea hakimtozi ada ya masomo. Anapewa posho ya euro 800 hadi 900 kwa mwezi kutegemea nchi, pamoja na fedha ya nauli inayokadiriwa kwa umbali. Kwa mwanafunzi mwenye hali ngumu ya maisha ipo nyongeza ya euro 250 kwa mwezi. Wengi hawaijui, kwa hiyo hawaiulizii.

Nafasi hii haiombwi kiholela mtandaoni. Lazima chuo chako na chuo cha kule viwe na makubaliano, na chuo chako ndicho kinachokuteua. Akitokea mtu mtaani anakuuzia nafasi ya Erasmus kwa laki mbili ya fomu, huyo ni tapeli. Mpango hautozi mwanafunzi ada ya maombi.

Sasa karatasi, na hapa nataka tukae kidogo, maana kwa watu wa pwani kuna tatizo la peke yake. Chukua vyeti vya kijana mmoja uvitandaze mezani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi Rashidi Salumu. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hamis Rashid. Kitambulisho cha NIDA kinasema Hamisi Rashid Salum. Sisi tunaoishi naye tunajua ni mtu mmoja, na hakuna aliyewahi kumsumbua kwa hilo. Ofisa wa viza hamjui. Anachokiona ni majina matatu. Pasipoti nayo, hii ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018, hufuata cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na ada yake ni shilingi 150,000. Ikitoka na jina lisilolingana na barua ya chuo cha Ulaya, unaanza kuzunguka: RITA, NIDA, mwanasheria wa kiapo, Uhamiaji. Kila dirisha lina foleni yake, na muhula haukusubiri. Kwa hiyo sawazisha majina kabla hujaomba chochote. Ukishapata pasipoti, jina lililomo liandike hivyo hivyo, herufi kwa herufi, kwenye kila fomu.

Linalofuata huwaumiza watu wakiwa wamesharudi. Muhula kamili Ulaya una krediti 30, kwa hiyo mwaka ni 60. Kwetu, mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unahesabu krediti 120 kwa mwaka. Anayeona 30 akadhani amepewa nusu ya mzigo anakosea: krediti moja ya kule ni saa 25 hadi 30 za kazi, ya kwetu ni saa 10. Krediti 30 za Ulaya zinakaribia 60 za nyumbani, yaani muhula mzima. Hesabu yenyewe haina shida. Shida ni kozi ipi ya kule inasimama badala ya kozi ipi ya hapa. Hilo huandikwa kwenye mkataba wa masomo, unaosainiwa na mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji. Nimeona mikataba iliyojazwa kozi nzuri za kuvutia ambazo hakuna hata moja inayolingana na kozi ya lazima nyumbani. Kozi nyingi za lazima katika vyuo vyetu hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiikosa ya muhula huo, unaisubiri mwaka mzima, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ulipangwa kwa miaka ya programu yako, si kwa mwaka wa ziada. Usisaini kabla mkuu wa idara hajaandika kwa mkono wake kwamba kozi hii itachukua nafasi ya ile. Ahadi ya mdomo haifiki Seneti.

Kalenda nayo ni mtego. Vyuo vyetu kwa kawaida hufungua Oktoba au Novemba, na mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari au Machi. Sweden na Finland muhula wa pili huanza Januari, wakati wewe hujafanya mtihani hata mmoja nyumbani. Ujerumani mihadhara ya muhula wa kiangazi huanza Aprili na kwisha Julai. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, ningechagua muhula huo bila kusita: unamaliza mitihani, unapanda ndege, unarudi kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa. Na huanzi na baridi. Helsinki mwezi Desemba jua huchomoza kama saa tatu na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri. Kuna vijana waliolemewa na giza hilo wakadhani ni wagonjwa. Atakayepangiwa muhula wa baridi na ajiandae, awe na watu wa kuongea nao.

Kuhusu fedha, swali bora nililowahi kuulizwa lilitoka kwa mama mmoja anayeuza mboga soko la Buguruni. Alinisikiliza nikieleza posho mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Sasa mwalimu, hiyo hela wanampa kabla hajaondoka au akishafika?” Mara nyingi sehemu kubwa huja akishafika. Viza, bima, tiketi na amana ya chumba hudaiwa kabla. Viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni euro 75. Kule kule, mgeni hutakiwa kusajili anwani yake ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na benki nyingi zitataka kuona usajili huo ndipo zimfungulie akaunti. Bila akaunti posho inachelewa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza mtoto anakula fedha ya nyumbani. Andika barua kwa chuo mwenyeji uulize mambo mawili: tiketi wanaweza kuinunua wao moja kwa moja, na malipo ya kwanza yanaingia tarehe ngapi. Vipo vyuo vinavyokubali kununua tiketi. Usipouliza, hawatajua kwamba nyumbani hakuna akiba.

Nawaomba wazazi na majirani jambo moja kuhusu michango. Kijana akipata safari tunafungua kundi la WhatsApp, tunachanga, tunapika pilau, tunashona sare. Ni upendo, na nauheshimu. Lakini mchango wa kwanza uende kwenye viza na mwezi ule wa mwanzo, kisha pilau ipikwe kwa kitakachobaki. Akishafika, tusimpigie simu wiki ya pili kuomba ada ya mdogo wake. Posho ile inaonekana kubwa ukiigeuza shilingi, zaidi ya milioni mbili kwa mwezi, ila anailipia kodi, chakula na nauli kwa euro.

Jambo dogo lakini zito: laini ya simu. Namba za siri za benki na za pesa mtandaoni huja kwenye laini ya Tanzania, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Ikipotea ukiwa Ulaya, kidole chako kiko mbali na duka la kuirudishia. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujaondoka, na iweke salama.

Ukirudi, fuatilia matokeo. Chuo mwenyeji kinatakiwa kutuma matokeo yako ndani ya wiki tano tangu yatangazwe kwake. Zikipita, andika, kisha uende idarani na mkataba wako.

Kama una mtoto mwaka wa kwanza chuoni, mwambie wiki hii aende ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo chake aulize vyuo gani vya Ulaya wana makubaliano navyo, na mwisho wa kuomba ni lini. Na akitoka huko, aje nyumbani mvitoe vyeti vyake vyote, muyasome majina pamoja.