Nyumba, Mlango au Chama? Istilahi za Mashindano ya Harlem

Mfasiri mmoja ametutaka ushauri juu ya maneno ya filamu ya "Paris Is Burning", iliyotengenezwa na Jennie Livingston na kutolewa mwaka 1990. Filamu hiyo yahusu mashindano ya mavazi, mwendo na dansi katika kumbi za Harlem, New York. Washindani wengi walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Baadhi wakipenda watu wa jinsia yao, baadhi wasijitambue kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Wako waliokuwa wamefukuzwa makwao. Makundi yao, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya nyumba, tuyaite nini?

Yafaa kwanza dhana yenyewe ieleweke. Crystal LaBeija, aliyelalamikia upendeleo waliopewa washindani weupe, alianzisha nyumba ya LaBeija mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zikafuata nyingine, kama vile Xtravaganza na Ninja. Nyumba huwa na mama, au baba, au wote wawili. Wanaolelewa humo huitwa watoto, nao hulichukua jina la nyumba kuwa ubini wao. Hufundishwa kujipamba, kutembea mbele ya waamuzi, na kucheza vogu, yaani dansi inayoiga mikao ya wanamitindo katika jarida la Vogue. Willi Ninja, mama wa nyumba ya Ninja, aliimudu dansi hiyo hata akaja kuwafundisha wanamitindo wenyewe namna ya kutembea.

Maneno matatu yamependekezwa:

(a) Chama. Vyama vya beni vya pwani yetu navyo vilishindana kwa mavazi na ngoma. Lakini beni iliazima vyeo vya jeshi na serikali, ilhali vyeo vya Harlem ni vya jamaa.

(b) Mlango. Neno hili hutaja tawi la ukoo, na msingi wake ni nasaba. Vijana hawa hawana nasaba moja.

(c) Nyumba. Katika Kiswahili neno hili hutaja jengo, na pia hutaja watu wa jamaa moja, kama tusemapo "mtu wa nyumba fulani". Maana zote mbili zahitajiwa hapa. Tunapendekeza litumike hili.

Kuhusu "mama", mfasiri ameandika "mlezi", akichelea kumchanganya mtazamaji. Hapo hatuafikiani naye. Kiswahili kina mama mdogo, mama wa kambo na mama wa ubatizo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemzaa amwitaye hivyo. Kijana aliyefukuzwa na mzazi wake, akamwita mama yule aliyempokea na kumfundisha sanaa, analitumia neno hilo kwa makusudi kamili. Tukimwandikia "mlezi" tutakuwa tumemnyima jamaa kwa mara ya pili.

Mwisho, neno "shoga", ambalo kwa asili ni mwito wa heri baina ya wanawake marafiki, siku hizi limekuwa tusi kwa watu wa aina hii. Mfasiri na aliepuke, aeleze kwa maneno ya kawaida kama tulivyofanya hapo juu. Kazi ya istilahi ni kutaja kitu kama kilivyo. Hukumu haimo katika kazi hiyo.

Wasomaji wenye mapendekezo bora zaidi wanakaribishwa kutuletea.