Nane ya Uganda si nane ya Kenya

(Muziki wa kufungulia kipindi unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wazazi juu ya shule.

Juzi kwenye foleni ya maji, mwenyeji mmoja wa hapa Tororo alikuwa akisimulia kwamba kijana wake alipata nane katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mama mmoja wa kambini akashika kifua. "Nane tu? Pole sana, dada." Yule mwenyeji akamkodolea macho, maana alikuwa akijisifu.

Kosa halikuwa la yeyote. Sisi kwetu tulizoea KCPE: masomo matano, Kiswahili kikiwemo, alama 500 kwa jumla, na mwenye nyingi ndiye bora. Uganda wana PLE, mtihani unaosimamiwa na baraza liitwalo UNEB. Masomo ni manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na masomo ya jamii. Kila somo hupewa pointi kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo nzuri kabisa. Ukijumlisha manne, mtoto bora ana 4 na aliyeshindwa kote ana 36. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza, au divisheni ya kwanza kama wanavyosema hapa. Basi kijana wa nane hakufeli. Angekuwa wangu ningechinja kuku.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu wazazi wengi wananiuliza: shule za hapa ni nzuri au ni mbaya? Wengine wamesoma matokeo gazetini, wakaona shule fulani ya kijijini ina wawili tu wa daraja la kwanza, wakaamua mtoto akae hemani mpaka turudi nyumbani.

Ngoja kwanza. Tuseme shule moja ilipeleka watahiniwa 20, na 10 wakapata daraja la kwanza. Nyingine ilipeleka 80, na wa daraja la kwanza ni 10 vilevile. Ukihesabu vichwa zinalingana, lakini ya kwanza imefaulisha nusu ya watoto wake. Halafu uliza jambo ambalo gazeti halisemi: hao 20 walianza wangapi darasa la kwanza? Uganda ilifungua UPE, elimu ya msingi bila karo, mwaka 1997, miaka sita kabla yetu sisi wa 2003. Madarasa ya chini yakajaa kama yalivyojaa kwetu. Lakini wengi huachia njiani kabla ya kufika P7, na shule nyingine huwarudisha nyuma walio dhaifu ili orodha ipendeze. Shule inayowashikilia wanyonge mpaka mwisho inaweza kuonekana mbaya kwenye karatasi. Mimi ningeiheshimu hiyo.

Kwa hiyo ukienda kwa mwalimu mkuu, usiulize tu waliofaulu. Chungulia P3. Muombe mtoto mmoja akusomee mistari miwili. Tazama kama mwalimu yumo darasani saa nane mchana. Uliza pia watoto wanakula nini, kwa sababu UPE haileti chakula cha mchana, na mtoto mwenye njaa hasikii hesabu.

Sasa lugha. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka darasa la kwanza lifundishwe kwa lugha ya nyumbani, na hapa kwa wengi hiyo ni Dhopadhola. Ni ndugu wa Dholuo, kwa hiyo anayejua Dholuo atadaka maneno mengi. Wengine watakaa kimya wiki za kwanza. Usimchape mtoto ukidhani amekuwa mjinga. Wakubwa wanafundishwa kwa Kiingereza, na kwao kazi ni nyepesi zaidi.

Swali gumu ni la wale walioacha darasa la nane nyumbani. Hapa hakuna la nane, msingi unaishia P7. Mtoto anaambiwa aingie P7, na yeye anaona ameshushwa. Mwambie hakushushwa, hilo ndilo darasa la mtihani. Na kama anaona haya kukaa na wadogo, mkumbushe Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84.

Je, asubiri? Najua mkataba ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008 na kila mtu anahesabu siku. Lakini hakuna aliyetuambia siku ya kurudi, na PLE ni Novemba, na majina hupelekwa UNEB miezi mingi kabla. Mimi ninasema aingie sasa. Tukirudi mapema, atarudi akiwa na hisabati yake kichwani. Kitu kimoja tu kitampungukia: PLE haina Kiswahili. Basi jioni mpe insha moja aandike, hata nyuma ya karatasi ya mgao.

Beba ripoti ya mwisho ya shule. Kama iliungua, sema iliungua. Shule nyingi humpa mtoto jaribio fupi ili wajue wamweke darasa gani. Nenda naye asubuhi, akiwa amekula.

(Muziki unapanda.)