Ufito Mrefu na Ufito Mfupi

Leo nataka kuwaeleza juu ya ufito wa kuvulia samaki, maana wengi hudhani kila kijiti chafaa.

Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nikaenda kwa mjomba kule bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981 katika mto Tana. Nilijikatia kijiti cha futi tatu. Nilipotupa mshipi, ndoana iliangukia kwenye nyasi. Nikasogea hadi majini. Ghafla mjomba akanivuta shati. "Mpwa wangu, humu mna mamba!"

Akanipa mwanzi wa futi kumi. Mwanzi mrefu hufikisha chambo mbali nawe umesimama salama. Tena ngege akivuta, mwanzi hujipinda, mshipi usikatike.

Hata hivyo, ufito mfupi nao una mahali pake. Huko Ufini na Kanada maziwa huganda wakati wa baridi kali. Mvuvi hutoboa tundu kwenye barafu, akaketi kando yake. Samaki yuko chini ya miguu yake, kwa hivyo ufito mrefu ungemsumbua bure. Wake huwa mfupi, mara nyingi haufiki mita moja, na ncha yake ni nyembamba, kwani kwenye baridi samaki wengi huuma taratibu mno.

Basi wenzangu, kabla ya kukata ufito, uliza kwanza samaki yuko umbali gani na miguu yako. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, lakini wiki iliyofuata nilirudi darasani, na sehemu ya karo ililipwa na ngege.