Chikungunya: Jinsi Kirusi Kinavyoshika Seli

Mwanafunzi wa Matambarale, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea, huenda akadhani kwamba elimu ya virusi ni jambo la mbali. Kumbe kirusi kimoja kijulikanacho duniani kote kilipata jina lake huko huko kusini. Mwaka 1952 homa kali ilizuka katika nyanda za juu za Wamakonde, Newala. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wenyeji wakaiita homa hiyo chikungunya, yaani kile kinachokunja. Mwaka 1953 mtaalamu R. W. Ross alikitenga kirusi chake kutoka katika damu ya mgonjwa.

Kwa nini viungo ndivyo viumiavyo? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2018, kwa utafiti wa St. Louis, Marekani. Ganda la kirusi hiki lina miiba 80, na kila mwiba umeundwa kwa jozi tatu za protini, E1 na E2. Seli za ngozi, misuli, mifupa na gegedu nazo zina protini iitwayo MXRA8. Protini hii huingia katika ufa ulio kati ya jozi hizo, kama ulimi wa ubao katika tundu lililochongwa, na kirusi hunasa.

Hapo seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko. Asidi ya kifuko huigeuza protini E1, ambayo huunganisha utando wa kirusi na ule wa kifuko. Vinasaba vya kirusi huingia ndani ya seli, nayo hulazimika kutengeneza virusi vipya.

MXRA8 siyo njia pekee, lakini umuhimu wake wathibitishwa na ng'ombe. MXRA8 ya ng'ombe ina kipande cha ziada cha asidi-amino 15, nacho huzuia kirusi kushika. Mwaka 2020 ilielezwa kwamba panya waliopewa kipande hicho walipungukiwa na virusi na uvimbe.

Dawa ya kukiua kirusi hiki mwilini haijapatikana. Kingamwili zinazoifunika protini E2 zaweza kukizuia kisishike seli. Lakini kabla ya kuifikia seli, kirusi hupitia mdomo wa mbu aina ya Aedes, aumaye mchana na kuzaliana katika vifuu, mitungi na matairi yenye maji. Anayemwaga maji hayo hukizuia kirusi mapema zaidi.